Karatasi Niliyompimia Somoe

Siku mliyoniaga kwa soda na biskuti, mmoja wenu alinifuata mpaka mlangoni akaniuliza, "Baba Agnesi, mtu akitafuta cheti cha sayansi ya kompyuta, kitamlipa au atapoteza mwaka wake bure?" Nilijifanya natafuta fimbo yangu, nikaondoka. Swali hilohilo niliulizwa zamani. Nililijibu kwa karatasi nzima, na jibu langu likamgharimu mtu ambaye mali yake yote ilikuwa mikorosho ishirini na mitatu. Sasa nina kalamu na muda mwingi kuliko niliouomba. Nyinyi wa masjala mnajua kwamba barua hujibiwa hata ikichelewa, kwa hiyo nitajibu.

Niliingia kazini Masasi nikiwa na elimu ya kidato cha nne na suruali moja ya ofisini. Mkuu wa masjala alikuwa Mzee Chitanda, mtu mfupi wa kofia ya kufuma, ambaye kidole gumba chake kilikuwa na wino usiotoka hata Idi. Siku ya kwanza hakunionyesha makabati. Alinikalisha akaniuliza jina.

"Barnaba," nikasema.

"Na mengine?"

"Mengine yapi, mzee?"

"Mtu wa huku hana jina, ana majina," akasema. "Kuna alilopewa na wajomba zake akiwa mtoto. Kuna alilotoka nalo jandoni. Kuna la kanisani au la madrasani. Akizaa, anaitwa Baba fulani. Akija dirishani anakutajia lile linalomjia kwanza mdomoni. Wewe ukimfungulia faili kwa kila jina, barua zake hazitaonana mpaka kiyama. Haya, taja yako. Yote."

Nikamtajia: Mchopa la utotoni, Makolela la jandoni, Barnaba la ubatizo wangu kule Lulindi, na Likwata la baba. Akayaandika kwenye daftari nene la jalada jeusi, lenye majina ya nusu ya wilaya. Barua yangu ya ajira iliandikwa na mtu mwingine aliyekuwa na haraka, ikatoka kwa jina la Mchopa peke yake. Niliiona kasoro hiyo nikainyamazia. Nilikuwa kijana, pensheni niliiona kama maradhi ya wazee.

Mzee Chitanda alinifundisha kushona faili kwa uzi wa katani ulipokosekana uzi wa ofisi, kulowesha sponji kwa chai baridi maji yalipoisha, na kumjua mleta barua kwa anavyobisha hodi. Zaidi ya yote alinifundisha kwamba karani hachani barua. Iwe ya matusi au ya mwenda wazimu, inapigwa muhuri, inapewa namba, inafungwa kwenye faili. "Barua inakufa kwa njia moja tu," alisema. "Ukiiweka kwenye faili lisilo lake. Hapo haitafutwi tena, kwa sababu kila mtu anajua haipo." Alisema hayo kama onyo. Miaka mingi baadaye niliyatumia kama maelekezo.

Nilihamishiwa Newala kuwa mkuu wa masjala. Ofisi ile ilikuwa na taipureta tatu, mbili zikiwa hai, na dumu moja la maji lenye kufuli, ambalo ufunguo wake ulikaa na mhasibu. Mgeni akiomba maji ya kunywa tulimuuliza kwanza ametoka wapi. Mara ya kwanza nilipoosha uso mara mbili kwa siku moja, mhudumu aliniuliza kama nimefiwa.

Hapo ndipo alipoletwa Somoe. Alikuwa mpiga chapa, binti wa kijiji kimoja cha njia ya Kitangari, amemaliza kidato cha nne na analelewa na mama peke yake. Alipewa taipureta ambayo herufi yake ya r iliruka juu ya mstari kama kuku aliyekanyaga kaa la moto. Alichapa bila kuangalia vidole, akimsikiliza mtu wa dirishani wakati huohuo. Wiki ya pili alilifunua daftari langu la majina, nililolianzisha kwa kufuata la Mzee Chitanda, akaniuliza, "Baba Agnesi, mbona wanawake ni wachache humu?"

"Ndio waliokuja."

"Wamekuja wengi. Hawakukutajia tu."

Ilikuwa kweli. Wanawake walimtajia yeye majina yao ya unyagoni, ambayo mimi mwanamume nisingeambiwa hata kwa barua ya mkuu wa wilaya. Katika mwaka mmoja daftari likanenepa mara mbili. Nilijivuna nalo na nikamjivunia yeye, nikamwita mwanangu. Sikuwa naigiza. Nataka mlijue hilo kabla ya yanayofuata.

Ikaja miaka ya ruksa. Maduka yaliyokuwa na sabuni moja na dagaa yakajaa redio na mitumba. Wanunuzi binafsi wa korosho wakapanda nyanda za juu na mizani zao, na wafadhili wakapanda na magari meupe. Mradi mmoja wa maji ukatuletea kompyuta. Iliwekwa katika chumba cha pazia, ikafunikwa kitenge, na tukaagizwa kuvua viatu tukiingia. Miezi minne tulimvulia viatu mkubwa ambaye hakuitikia salamu, kwa kuwa jenereta lilikuwa halijapata dizeli.

Dizeli ilipofika, akaja mtaalamu kutoka Dar es Salaam kuingiza orodha ya kaya zitakazojengewa matangi ya kuvuna maji ya mvua. Siku ya tatu akalalamika kwamba watu wa Newala ni wadanganyifu, maana idadi ya kaya ilizidi idadi ya nyumba. Somoe alikuwa amesimama nyuma yake, peku, na daftari mkononi.

"Samahani, kaka. Huyu, na huyu, na huyu wa chini kule, ni Mama Hadija. Ni mmoja."

"Umejuaje?"

"Nilimuuliza."

Mtaalamu akacheka, akavuta kiti cha pili. Mchana kutwa walikaa, Somoe akimtajia majina, yeye akimwonyesha namna ya kuyafunga pamoja ndani ya mashine, ili ukiandika moja mengine yajitokeze. Nilisimama mlangoni na viatu vyangu mkononi. Kazi ya daftari langu jeusi, na la Mzee Chitanda kabla yake, ilikuwa inafanywa na msichana wa taipureta kwa kubonyeza mara mbili. Somoe akageuka, uso umemwangaza, akaniambia, "Baba Agnesi, njoo uone majina yako!" Nikamwambia nina kazi.

Mwezi uliofuata mradi ukaleta tangazo. Kila wilaya ipeleke jina la mtumishi mmoja Dar es Salaam, akasomee cheti cha sayansi ya kompyuta kwa mwaka mmoja, gharama zote juu ya mradi. Umri usizidi miaka thelathini. Mimi thelathini nilikuwa nimeiacha mbali nyuma. Somoe alichapa maombi yake siku hiyohiyo, akayapitisha kwangu kama utaratibu unavyotaka. Ni yeye tu aliyeomba. Nikayapiga muhuri wa kupokelewa. Yalihitaji kwenda kwa bosi tu, mlango wa tatu kutoka kwangu.

Jumamosi ile mama yake akaja nyumbani kwangu na kapu la kunde kichwani, Somoe nyuma yake.

"Hodi, Baba Agnesi."

"Karibu, Mama Somoe. Za tangu siku nyingi?"

"Njema. Nimekuja na shida ya msomi. Mtoto anasema kompyuta, kompyuta, hata akila. Mimi sijui kompyuta ni mnyama gani. Sasa wewe tupimie. Hasara yake weka huku, faida yake weka huku, atanisomea. Wa mradi wakimkataa, mikorosho yangu ipo. Lakini nisiitoe kijinga."

Nilichukua karatasi nikapiga mstari katikati. Upande wa kushoto niliandika gharama za kujisomesha mwenyewe, ikiwa mradi utamkataa, na nilizijua vizuri. Mwaka mzima bila mshahara. Nauli ya siku mbili au tatu kwenye njia ambayo masika huliza madereva. Chakula cha mjini, chumba cha mjini. Umeme ambao Newala haina. Mashine moja tu wilaya nzima, ikiharibika cheti kimeharibika nayo. Mama kubaki peke yake. Yote yalikuwa kweli, na bado naweza kuapa juu ya kila mstari.

Upande wa kulia nikaandika faida mbili: *Atachapa haraka zaidi. Atapata cheti cha kutundika ukutani.*

Somoe akasoma kwa sauti. Mama yake akacheka mpaka akafuta macho kwa kanga. "Ukuta wangu wa udongo utabeba msumari, Baba Agnesi?" Kisha akakunja uso. "Umetusaidia. Hebu tungoje kwanza jibu la wa mradi." Wakaniachia kunde zote na kapu lake.

Jumatatu asubuhi nikalitoa faili la Ukarabati wa Matangi ya Zamani. Faili hilo lilikuwa halifunguliwi, kwa kuwa matangi yenyewe yalikuwa hayakarabatiwi. Nikatoboa maombi ya Somoe kwa koleo la kutobolea karatasi, nikayapa namba 47, nikafunga uzi. Sikuyachana. Nilijisifu kwa hilo, mjue mtu anavyoweza kujidanganya.

Sitajitetea. Niliogopa kwamba akirudi na cheti, masjala itakuwa yake, na mimi nitakuwa mzee wa kufungua madirisha. Nafasi ya Newala ikapita bila jina. Somoe akawa ananiuliza kila siku ya posta, "Baba Agnesi, maombi yangu yamejibiwa?" Na mimi: "Bado, mwanangu. Hao wana mambo mengi." Akaendelea kuniandalia chai.

Haukupita mwaka ikaja orodha ya kupunguzwa kazi. Wapiga chapa walikuwa wa kwanza. Siku ya kuondoka Somoe alikunja kile kimto alichokalia, akasimama mbele ya meza yangu. "Karatasi yako ninayo," akasema. "Nimeisoma mara nyingi. Upande wa kulia mbona mfupi hivi?"

"Ndivyo ulivyo," nikamjibu, huku naangalia kitabu cha kupelekea barua.

Mama yake akaweka rehani mikorosho yote ishirini na mitatu kwa mfanyabiashara mmoja, kwa desturi mnayoijua: aokote yeye kila msimu mpaka fedha yake irudi. Somoe akaenda Dar es Salaam kusomea cheti kilekile kwa gharama ya mama yake.

Msimu uliofuata nilikuwa narudi kutoka Kitangari kwa baiskeli, nikamwona mama mmoja ameinama chini ya mikorosho anaokota, ndoo pembeni. Alikuwa Mama Somoe, chini ya mikorosho yake mwenyewe, anaokota kwa kibarua cha yule aliyeishika. Akajinyoosha akashika kiuno.

"Baba Agnesi! Somoe ameandika! Anasema kompyuta si mnyama!"

Nikapiga kengele ya baiskeli, nikapita. Aliokota hivyo misimu mitatu. Alifariki kabla ya mikorosho kurudi. Nilikwenda msibani, nikakaa na wanaume, nikala.

Niseme na gharama nyingine, nisije nikawadanganya kwa upande wa pili. Somoe alirudi na cheti, na cheti kikakaa ndani ya bahasha karibu miaka miwili. Ofisi zilimwambia asubiri tangazo. Aliuza vitumbua sokoni, na waliomjua wakamuuliza kama kompyuta ndiyo imemfundisha kukoroga unga. Kisha, umeme ulipofika, akapata kompyuta iliyotumika, akapanga chumba kimoja karibu na soko, akaanza kuchapa barua, mitihani ya shule, kadi za harusi, risala za wageni rasmi. Ofisi yetu, iliyokwisha kuwaondoa wapiga chapa wake, ikaanza kupeleka kazi kwake. Mikorosho akaikomboa. Mimi kazi zake nilizituma kwa mikono ya wengine, na nikienda sokoni nilipita njia ya nyuma, ya wauza kuku. Mke wangu alidhani nimewapenda kuku.

Nikastaafu. Nilipopeleka madai, nikaambiwa kumbukumbu za Barnaba Likwata zinaanzia Newala. Miaka ya Masasi ilikuwa ya mtu mwingine, mmoja aitwaye Mchopa, na huyo hajulikani aliko. Nilihitaji hati ya kiapo kwamba majina yote ni yangu, na barua ndefu ya maelezo. Kila niliyemuuliza ni nani atakayeiandika vizuri alinitajia mtu mmoja.

Kabla ya kukabidhi funguo nilikuwa nimelitoa faili la Ukarabati wa Matangi ya Zamani, nikakata uzi, nikatoa namba 47. Mahali pake nikaacha kikaratasi chenye tarehe na sahihi yangu, kinachosema imetolewa na nani. Ni kosa, na nyinyi msilifanye. Atakayekikuta sasa anajua sababu.

Nilikwenda saa nne asubuhi. Somoe alikuwa peke yake, miwani imening'inia shingoni. Akasimama.

"Shikamoo, Baba Agnesi. Leo umepotea njia?"

"Marahaba, mwanangu. Nina barua mbili. Moja nataka uiandike. Nyingine uisome kwanza."

Akavaa miwani, akaikunjua barua ya pili. Kidole chake kikapita juu ya mistari, kikasimama. "Hii r," akasema. "Inayoruka." Kisha akauona muhuri wetu, akaiona na namba niliyoiandika kwa mkono wangu. Alifanya kazi masjala, sikuhitaji kumweleza. Akauliza jambo moja tu.

"Ilikuwa faili gani?"

"La matangi."

Akaweka barua mezani, akainyoosha kwa viganja kama anapiga pasi.

"Wa mradi walikuwa wanalipa kila kitu."

"Kila kitu."

"Na hukuifikisha kwa bosi."

"Sikuifikisha. Niliogopa utachukua masjala."

"Na siku ya msiba wa mama ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Nilikutengea wali mimi mwenyewe, Baba Agnesi."

"Ulinitengea. Nikala."

Mama mmoja akaingia kutoa nakala za kadi ya kliniki ya mtoto. Somoe akamhudumia, akamuuliza mtoto anaendeleaje, akamrudishia chenji. Mama yule alipotoka, Somoe akavuta mtoto wa meza, akatoa kopo la biskuti, na ndani yake karatasi iliyokunjwa mpaka mikunjo ikatoboka. Ilikuwa ile yangu, yenye mstari katikati.

Upande wa kulia haukuwa mfupi tena. Chini ya faida zangu mbili kulikuwa na mwandiko wake, kwa kalamu za rangi mbalimbali, mwaka mmoja mstari mmoja, mwaka mwingine mitatu. *Nimeikomboa mikorosho. Nimemwandikia Mama Hadija, amepata tangi. Nimefundisha wasichana wawili kuchapa. Nimeezeka kwa bati. Cheti nimekitundika, ukuta umekibeba.* Mistari ilifika chini kabisa ikageukia nyuma. Na upande wa kushoto, chini ya gharama zangu zote za kweli, ulikuwepo mmoja tu alioongeza: *Mama ameokota korosho zake kwa kibarua cha mtu.*

Nilitaka kusema neno la kuomba radhi nililolitayarisha njia nzima. Akanisukumia kalamu.

"Usiniambie. Andika. Upande wa gharama ulianza kwa mwandiko wako, umalizie wewe."

Nilivaa miwani. Niliandika polepole, maana mkono sasa haunitii: *Nafasi ilikuwa ya bure. Barua niliificha mimi.* Nikafikiri nitaweka jina gani chini yake, nikaweka yote manne.

Aliisoma. Akaangalia nje sokoni. Kisha akaifunga karatasi pamoja na namba 47, akaviweka ndani ya kopo, akarudisha kopo mahali pake.

"Sisemi yamekwisha," akasema. "Mama angecheka, mimi sijafika hapo."

"Sawa, mwanangu."

"Na barua yako ya pensheni utailipia kama wateja wengine."

"Nitailipia."

Akavuta kiti cha pili, akakiweka kando ya chake, mahali ambapo ningeweza kuona kioo cha kompyuta. Sikuwa nimewahi kukaa mbele ya mashine ya namna ile, tangu siku ile niliyosimama mlangoni na viatu mkononi. Nikakaa. Akaweka vidole vyake tayari, bila kuviangalia.

"Haya, Baba Agnesi," akasema. "Taja majina yako. Yote."